Maswali ya Wasomaji: Jaribio Moja, Visanduku Vinne

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari hapa Ujiji, Kigoma. Nilikusudia majaribio mawili: moja la kulinganisha kujifunza msamiati asubuhi na alasiri, jingine la kulinganisha kusoma kimyakimya na kusoma kwa sauti. Msimamizi wangu amenirudishia andiko, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "2 × 2, liwe jaribio moja." Nina wanafunzi 40 tu. Nikichanganya mambo mawili, nitajuaje lipi limeleta tofauti?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu yako ingekuwa na msingi iwapo kundi moja lingesoma asubuhi kimyakimya na la pili alasiri kwa sauti. Usanifu wa faktoria, ndio huo "2 × 2" wa msimamizi wako (vigeu viwili, kila kimoja na hali mbili), haufanyi hivyo, bali hukutanisha kila hali ya kigeu kimoja, yaani jambo unalolibadilisha kama wakati wa kusoma, na kila hali ya kigeu kingine. Chora mraba, uugawe visanduku vinne, kila kimoja ukiwekee wanafunzi 10. Ukiuliza habari ya wakati, utalinganisha 20 wa asubuhi na 20 wa alasiri. Ukiuliza habari ya namna ya kusoma, wale wale 40 watagawanyika upya, 20 kwa 20. Kwa majaribio mawili ungebaki na 10 dhidi ya 10. R. A. Fisher, mtakwimu Mwingereza, aliutetea mpango huu mwaka 1926 akizungumzia majaribio ya mashambani.

Hata hivyo, akiba hiyo ya wanafunzi si hoja kubwa kwangu. Tuseme wa asubuhi wanakumbuka maneno 14 wakisoma kimya na 10 wakisoma kwa sauti, ilhali alasiri mambo yanageuka: kimya 10, sauti 14. Wastani wa asubuhi ni 12, wa alasiri 12, wa kimya 12, wa sauti 12. Majaribio yako mawili yangeweza kutangaza kwamba hakuna kitu, kumbe kitu kipo, nacho ni mwingiliano: athari ya kigeu kimoja inategemea hali ya kingine.

Mfano wake mashuhuri utaupenda wewe uliye kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley walichapisha jaribio la wapiga mbizi waliojifunza orodha za maneno 36 nchi kavu au chini ya maji, kisha wakapimwa nchi kavu au chini ya maji. Maneno yaliyojifunzwa nchi kavu yalikumbukwa kwa wastani wa 13.5 nchi kavu na 8.6 majini, yaliyojifunzwa majini, 11.4 majini na 8.4 nchi kavu. (Usiyashike kama msahafu: jaribio hilo liliporudiwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2021, athari hiyo haikuonekana.)

Kuhusu utekelezaji, wagawe kwa kura za vikaratasi, wala usichukue mkondo A uwe wa asubuhi na B wa alasiri, kwani hapo utapima mikondo. Wasomao kwa sauti wakae chumba cha mbali na wenzao. Kigeu cha tatu kiache: kitakuletea visanduku vinane vya wanafunzi watano watano. Na katika ripoti, weka kwanza wastani wa visanduku vyote vinne, ndipo uzungumzie athari kuu (tofauti anayoleta kigeu kimoja ukichukua wastani wa hali zote za kingine) za wakati na za namna ya kusoma.