Hiyo sare ya shule usiitundike

Usiitundike. Nimesoma swali lako mara mbili, dada, na moyo umenipasuka. Unauliza rangi gani inashika kwenye gunia, paneli ziwe ngapi, na ufanyeje ili kazi yako ya sanaa kuhusu mjadala wa utoaji mimba Kenya, tangu ukoloni hadi leo, isiegemee upande mmoja. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, unasema paneli ya mwisho itakuwa na sare halisi ya rafiki yako na sauti yake akisimulia, "ila jina sitalitaja".

Jina! Hata mimi sikutaja jina.

Kazi yangu ya mwaka wa mwisho, hapa Mombasa, ilikuwa na paneli 4. Kwenye ya kwanza nilinakili kwa wino vifungu vya 158, 159 na 160 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyokataza utoaji mimba, ambavyo mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya 1861. Ya pili ilikuwa mwaka 2004, vijusi 15 vilipookotwa Nairobi, na daktari mmoja na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa mauaji, wakasota rumande hadi walipoachiwa 2005. Ya tatu, kura ya maoni ya Agosti 2010 na makanisa yaliyoipinga Katiba kwa ajili ya kifungu chake cha 26, kinachohusu uhai. Hizo tatu hazikumdhuru mtu yeyote.

Ya nne niliiita "Leo", na nikatundika leso.

Mwenye leso alikuwa fundi cherehani, jirani yetu, mtu aliyewahi kunishonea gauni la mahafali asinidai hata shilingi. Alinihadithia yaliyomkuta usiku mmoja, kisha akanipa leso aliyokuwa amejifunga siku ile. Leso ya kawaida, sokoni zimejaa zenye maneno hayo hayo. Lakini yake ilikuwa na alama ya pasi kwenye pindo, na kiraka alichokitia kwa uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulimwishia. Mimi nikaona kiraka kinapendeza. Nikakielekezea taa.

Siku ya pili akaingia wifi yake, aliyekuwa na mtoto anayesoma chuoni hapo. Akasimama mbele ya leso muda mrefu sana, nami nikafurahi nikidhani kazi imemgusa. Kumbe anatazama mshono. Akapiga picha. Kabla ya Magharibi picha ilishaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na Jumapili yake wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Mmoja hakuja mwenyewe, alimtuma mtoto. Mume wa fundi hakuwahi kujua, akajulia hapo.

Fundi mwenyewe alikuja ukumbini kuona nimefanya nini. Hakunisemesha. Alisimama kwenye paneli ya kwanza akasoma kifungu cha 159, kwa mwandiko wangu mimi, kwamba mwanamke mwenyewe anaweza kufungwa hadi miaka 7. Hakuwa akikijua. Tangu siku hiyo kila gari lililosimama nje usiku aliliona ni la polisi. Wiki ya tatu akahama na cherehani yake, na mtaani hatujamwona tena.

Mwalimu aliyenisimamia ndiye aliyenipotosha. Nilimuuliza waziwazi kama ni sawa kuitumia ile leso. Akaniambia, "Ficha jina, inatosha. Sanaa isiyo na ushahidi ni pambo." Nilipomrudia nikilia, akasema kazi nzuri lazima iumize. Iumize nani? Yeye alirudi nyumbani kwake, akala, akalala. Bado nina hasira naye na sioni haya kusema.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kitu kilichowahi kushikwa au kuvaliwa na mwenye kisa kisifike ukutani. Sare, leso, mwandiko, cheti cha zahanati, sauti. Sauti ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa sababu mama mzazi huijua kwa neno moja tu. Nunua sare nyingine dukani. Mwenye kisa umpe umbo la mtu mwingine, na maneno uyatunge wewe.

Na msije kuniambia kazi itapoa. Paula Rego, mchoraji mzaliwa wa Ureno, alichora mfululizo wa picha za pastel, zile rangi za vijiti, baada ya kura ya maoni ya Ureno ya 1998 kushindwa kuhalalisha utoaji mimba. Wanawake wako peke yao vyumbani, kuna beseni, kuna kitanda, mmoja yuko kwenye sare ya shule. Hakuna damu wala kijusi, na ukitazama huwezi kupumua. Picha hizo zilizungumzwa mpaka kura ya 2007, ambayo baada yake bunge la kule lilibadilisha sheria.

Kuhusu kutoegemea upande: kifungu cha 26 chenyewe kinabeba pande zote mbili. Kifungu kidogo cha 2 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Cha 4 kinakataza kuitoa, ila inapohitajika tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama ikiwa hatarini, kwa maoni ya mtaalamu wa afya, au sheria nyingine ikiruhusu. Viandike ukubwa mmoja, vitazamane. Rangi utaambiwa na wengine.

Umesema maonyesho ni Ijumaa na rekodi iko kwenye simu yako. Ifute leo hii. Hiyo sare mrudishie mwenyewe, mkononi, maadamu bado unajua anapoishi. Leso mimi ninayo mpaka sasa kabatini, sijui nimpelekee wapi.