Baiti 64 zilizonipokonya kandarasi

Jana usiku kijana mmoja wa chuo kikuu alinitumia ujumbe: "Mkuu, nisaidie. Data ya kihisi inaingia vizuri, halafu ghafla kipande kimoja kinarudi kile cha zamani. Nimebadilisha waya mara tatu. Nikiweka printk ichapishe ujumbe nione kinachoendelea, tatizo linatoweka."

Niliweka simu chini nikaenda kuchemsha chai. Jibu nilikuwa nalo. Lakini kuna kidonda nilichodhani kimekauka, na kijana wa watu alikuwa amekitia chumvi bila kujua.

Miaka mitatu iliyopita nilipata kandarasi kwa kampuni moja hapa Nairobi. Walikuwa wanaunda kifaa cha kusikiliza mtetemo wa pampu za visima, ili fundi ajue beringi inachoka kabla haijakatika. Bodi ilikuwa na kichakataji cha ARM, Cortex-A53, na pembeni chipu ya kugeuza mtetemo kuwa namba. Mimi niliachiwa draiva ya Linux, programu ya kuongea na kifaa: zitoe namba kwenye chipu, ziweke kwenye memori. Wiki sita. Malipo yake yangenilipia kodi ya nyumba Zimmerman mwaka mzima na mbuzi wa Krismasi juu. Nilishamwambia mama kuhusu mbuzi.

Sampuli zilikuwa nyingi mno kwa kichakataji kuchota moja moja, kwa hiyo njia ilikuwa DMA. Kwa asiyejua, DMA ni kifaa kuandika au kusoma memori chenyewe, bila kichakataji kubeba kila baiti. Nenda soko la Marikiti alfajiri, lori la kabeji likiwa limefika kutoka Kinangop. Mwenye mzigo habebi hata gunia moja. Anamwonyesha hamali magunia yaende wapi na ni mangapi, kisha anarudi kwa wateja wake. Hamali akimaliza anamjia: "Mama, tayari." Hiyo ndiyo intarapti. Maagizo aliyopewa ndiyo deskripta: anwani, urefu, na alama ya kuonyesha ni zamu ya nani. Ukizipanga deskripta kwa mduara, hamali akimaliza moja anaingia inayofuata bila kungoja kutumwa.

Ila hamali haelewi "pale kwa shangazi". Anwani inayoonwa na msimbo wako siyo inayoonwa na kifaa, na kwenye mashine nyingine katikati kuna IOMMU inayokagua nani anaruhusiwa kuingia wapi. Ndiyo maana unaita dma_map_single ikupe anwani ambayo kifaa kitaielewa, badala ya kukirushia pointa yako. Tena kuna vifaa visivyofika mbali: cha biti 32 hakivuki GB 4, na kadi za ISA za enzi zile zilikomea MB 16. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nayatamba kwa vijana wenzangu, kusema kweli.

Msimbo niliuanzia nyumbani kwenye kompyuta ya mezani ya x86, yaani ya kichakataji cha Intel au AMD, kwa kadi ya PCIe. Siku tatu mchana na usiku, haukukosea hata baiti moja. Nikauhamishia kwenye bodi. Grafu ya mtetemo ikaanza kuota meno.

Nililaumu waya. Nikalaumu umeme. Nikashuka barabara ya Luthuli mara mbili kununua pawasaplai nyingine, mara ya pili mvua ikininyeshea. Nikamwandikia mteja, kwa kujiamini kabisa, kwamba chipu yao ni mbovu. Wakabadilisha chipu. Meno yakabaki. Nikiweka printk, grafu inanyooka. Nikiitoa, meno yanarudi. Wiki ya saba meneja wao aliniita kwenye kikao cha watu wanane akasema, "Labda tutafute mtu anayejua." Hakupaza sauti. Afadhali angefoka.

Nilirudi na matatu ya Thika Road bila kuweka hata spika masikioni.

Bodi moja ilikuwa bado nyumbani. Siku nne baadaye, kwa hasira tu, nilimwaga bafa nzima, yaani kile kipande cha memori kinachopokea data, baiti 4096, kwenye skrini nikaanza kuhesabu kwa kidole zile za zamani. Baiti 64. Nikarudia: 64. Nikarudia: 128. Haikutokea 50 wala 70. Waya mbovu hauna adabu ya kukosea kwa mafungu ya 64. Na kache ya Cortex-A53 hubeba data kwa mistari, kila mmoja baiti 64.

Kichakataji hakipendi kwenda stoo kila mara. Kina kache, daftari dogo mkononi lenye nakala ya vilivyomo stoo. Hamali akishusha mzigo mpya na mwenye duka akaendelea kusoma daftari la jana, atakuuzia kabeji zilizokwisha. Kwenye x86 maunzi yenyewe husahihisha daftari kifaa kinapoandika, ndiyo maana nyumbani sikuona kitu. Kwenye bodi nyingi za ARM kazi hiyo ni yako. Na printk? Labda ilikuwa inapitisha data nyingine nyingi kwenye kache hadi mistari ya zamani inasukumwa nje, kichakataji kikalazimika kwenda stoo. Tiba ya bahati.

Mimi nilikuwa nimeita dma_map_single mara moja mwanzoni, nikaitumia bafa ileile milele. Ilipaswa niite dma_sync_single_for_cpu kila kabla ya kusoma, na dma_sync_single_for_device kila ninapoirudisha kwa kifaa. Mistari miwili ya msimbo. Niliiandika saa nane usiku, meno yakaisha.

Yakaisha karibu yote. Kipande cha mwisho cha bafa kiliendelea kuharibika mara mojamoja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Bafa niliiweka ndani ya struct, kifurushi cha data tofauti zinazokaa pamoja, na jirani yake kaunta ya kuhesabu intarapti. Zote mbili zilikuwa zinalala kwenye mstari mmoja wa kache. Nikiongeza kaunta, kichakataji kinauchafua mstari mzima, kisha kinauandika wote stoo juu ya data mpya ya kifaa. Nikaihamisha bafa ikawa na kmalloc yake, memori iliyoombwa kwa ajili yake peke yake. Kimya. Mpaka leo.

Niliwatumia suluhisho bure. Hawakujibu.

Sasa wewe unayesoma hapa, najua unataka kuandika draiva zitakazofika ndani ya kerneli, kiini cha Linux, jina lako likae humo. Basi jiulize swali moja kwa kila bafa: sasa hivi ni ya nani? Ikiwa ya kifaa, usiiguse, hata kuchungulia. Ikiwa yako, hakikisha umeipokea rasmi. Kwenye deskripta ni hilohilo: jaza kila kitu kwanza, weka dma_wmb ili hayo yaandikwe kwanza, ndipo ugeuze alama ya zamu, la sivyo kifaa kitasoma agizo lililoandikwa nusu. Washa CONFIG_DMA_API_DEBUG, chaguo la kerneli la kukagua DMA, itakukemea ukisahau kukagua dma_mapping_error au ukifungua bafa kwa urefu usio wake. Haitakuambia umesahau kusawazisha kache. Hilo utalijua wewe, kwa kuuliza tena na tena bafa ni ya nani. Na usimwambie mteja chipu yake ni mbovu kabla hujahesabu baiti. Vijana tuna haraka ya kulaumu chuma. Chuma mara nyingi hakina hatia, ni sisi hatukusoma.

Kijana nilimjibu saa saba usiku, nikamwomba anitumie bafa nzima. Asubuhi nikiwa kwenye foleni pale Roysambu ikaingia picha ya skrini yake, imepigwa kwa simu, ukingoni kikombe cha chai kinaonekana. Nikahesabu kwa kidole. Baiti 192.

Nikamuuliza bafa yake imekaa jirani na nini ndani ya struct. Tiki mbili za bluu zimetokea, na sasa naona anaandika.