Siku Nne Malham: Ushauri kwa Anayetaka Likizo ya Kijijini Uingereza

Wenzetu wengi wanaokwenda Uingereza kutembea huishia London, na wakiongeza safari basi huwa ni Manchester au Liverpool kwa ajili ya mpira. Ukiwauliza kuhusu vijijini watakuambia kwamba huko hakuna cha kuona na kwamba bila gari hufiki. Mimi na mke wangu tulikaa siku nne, mwezi wa Mei, katika kijiji cha Malham kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales, na gari hatukuwa nalo. Ushauri wangu unatokana na tuliyoyapatia na tuliyoyakosea.

Chagua kijiji kimoja ukae hapohapo. Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa kulala kila usiku mahali tofauti, na ninashukuru kwamba mke wangu aliukataa. Mchana Malham hujaa wageni wa siku moja. Ikifika jioni huondoka, na hapo ndipo unapousikia mto unaopita katikati ya nyumba za mawe, na kondoo wakiitana na watoto wao kutoka kila upande wa bonde.

Kuhusu usafiri, treni kutoka stesheni ya King's Cross, London, hadi Leeds huchukua zaidi kidogo ya saa mbili, kisha unapanda treni nyingine hadi Skipton, safari isiyofika saa moja. Kutoka Skipton hadi Malham ni kilomita 18 hivi, na mabasi yake ni ya kuhesabu. Ratiba ya Jumapili si ile ya siku za kazi. Tafuta kwanza ratiba ya basi, ndipo ukate tiketi ya treni. Sisi tulifanya kinyume chake, tukashuka Skipton basi la mwisho likiwa limekwisha kuondoka, na teksi ikala fedha tuliyoitenga kwa chakula cha siku mbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, nalo ni kutembea kwa miguu katikati ya mashamba ya watu. Asubuhi ya kwanza tulifika kwenye lango la mbao lililofungwa kwa komeo la chuma, na ng'ambo yake kulikuwa na malisho, kondoo, na nyumba ya mwenye shamba. Ramani ilionyesha kwamba njia inapita humo. Nilisimama. Nilikolelewa mimi, Tanga, huingii shambani mwa mtu bila kupiga hodi, na pale hapakuwa na wa kuitikia. Alitokea mzee mmoja juu ya pikipiki ya magurudumu manne, akatuona tunasitasita, akatuonyesha kibati cha duara kilichopigiliwa kwenye nguzo, kisichozidi kiganja, chenye mshale wa njano. Akasema njia ni ya kila mtu, tuhakikishe tu kwamba lango tunalifunga.

Mshale wa njano maana yake ni njia ya waendao kwa miguu, na wa buluu ni njia ambayo wapanda farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Haki hiyo ni ya kisheria, na mwenye shamba hawezi kukuzuia, lakini nawe una wajibu wako. Lango ulilolikuta limefungwa ulifunge, na ulilolikuta wazi uliache wazi, kwa sababu huenda mifugo inalitumia kwenda kunywa maji. Usipande juu ya kuta za mawe, maana zimepangwa bila saruji na jiwe moja likitoka jingine hufuata. Tafuta mawe yaliyochomozwa ukutani makusudi yawe ngazi. Majira ya kuzaa kondoo, kuanzia Machi hadi Mei, wapitie kwa mbali. Ng'ombe wenye ndama ndio wa kuogopwa kweli. Usipite kati ya mama na mtoto wake, hata ikikulazimu kuzunguka malisho mazima.

Matembezi ninayoyapendekeza ni mzunguko wa kilomita nane hivi: kwanza maporomoko madogo ya Janet's Foss, ambako mwezi wa Mei msitu mzima hunukia kitunguu saumu mwitu, kisha korongo la Gordale Scar, halafu juu ya Malham Cove, mwamba wima wa mawe ya chokaa wenye kimo cha mita 80 hivi. Kileleni mawe yamepasukapasuka kama sakafu iliyoachana, na ndani ya nyufa zake, zenye kina cha kumeza mguu, humea majani mororo yaliyojificha upepo. Mvua ikinyesha mawe hayo huteleza vibaya, kwa hiyo vaa buti. Nunua pia ramani ya karatasi, kwa kuwa mtandao wa simu hukatika mabondeni. Ukipatwa na ajali mlimani, piga 999, uombe polisi na kisha waokoaji wa milimani.

Chakula cha jioni hupatikana katika baa za kijiji, ambazo hata familia zenye watoto huingia, ila majiko yake hufungwa mapema. Anayekula nyama ya halali pekee ni heri akodi nyumba yenye jiko na anunue mahitaji yake Bradford au Leeds kabla ya kupanda basi.

Beba tochi. Njia nyingi hazina taa, na mwaka 2020 eneo hili lilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga la giza, yaani mahali ambapo mwanga wa taa hudhibitiwa ili nyota zionekane. Mwezi wa Mei giza halikamiliki hadi saa nne usiku imepita. Usiku wetu wa mwisho tuliizima tochi darajani, na nyota zilikuwa nyingi kama nilizokuwa nikiziona utotoni, kabla umeme haujafika mtaani kwetu.