Shamba la miti lina jina la mume peke yake, je naondoka mikono mitupu?

SWALI: Habari wakili. Niko Uyole kwa dada yangu na wanangu wawili, miaka 8 na 4. Nimetoka Mufindi mwezi uliopita, mume alinipiga mpaka mkono ukavunjika. Tumeishi miaka 9, mahari alitoa nusu, cheti hatuna. Tuna ekari 3 za miti tuliyopanda pamoja, sasa ina miaka 7, ila karatasi ya kijiji ina jina lake na nasikia ameshaanza kuongea na mnunuzi. Baraza la kata wananiambia nirudi tuyamalize, kina mama huku wanasema nisahau, niingie kikundi nikope mtaji nianze upya. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada, na hongera kwa kutoka na watoto ukiwa katika hali hiyo. Nianze na la kikundi maana ndo linaloniuma zaidi. Wanawake wengi wanaokuja kwetu wametoka kwenye kipigo wameshashauriwa hivohivo, sahau mali, kopa, anza upya, matokeo yake mtu anahangaika na rejesho kila wiki kwa biashara ya nyanya pale Mwanjelwa wakati jasho lake limesimama shambani linamsubiri mwanaume akalivune. Mtaji wako wa kwanza ni ile miti. Kikundi kipo, hata mkopo wa halmashauri usio na riba utauomba tu, lakini baadae.

Cheti kisikutishe. Ndoa ya kimila haifutiki kwa kukosa cheti wala kwa mahari kubaki nusu, ndivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyosema. Hata akikana kabisa kwamba hakuwahi kukuoa, kifungu cha 160 kinasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mnahesabiwa mmeoana mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Kuhusu jina kwenye karatasi, kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali mliyochuma pamoja hata kama ina jina la mmoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, kupika na kulea na kutunza nyumba nako ni mchango. Ila usidhani ni nusu kwa nusu automatiki, wanaangalia nani alichangia nini, kwa hiyo kaa chini uandike yote unayokumbuka: nani alichimba mashimo, miche ilinunuliwa kwa hela ya mahindi ya nani, nani alikuwa anapalilia ile miaka ya mwanzo nyasi zikiwa zimeizidi miche urefu, nani alifyeka barabara ya kuzuia moto kila kiangazi. Meseji za M-Pesa za kulipa vibarua usifute hata moja, na majirani mliolima nao ni mashahidi.

Sasa la haraka. Miti ya miaka 7 bado michanga kwa mbao nzuri lakini wanunuzi wanaichukua hivohivo, na dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, ikishaingia shambani ni siku chache tu hamna cha kugawana, mtabaki kugombania visiki. Andika barua kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji kwamba kuna mgogoro wa ndoa na shamba ni mali ya familia, wasishuhudie mauziano yoyote, nakala yako igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua peke yake haimfungi mikono, kinachomfunga ni zuio la mahakama, na hilo unaliomba pamoja na shauri la talaka na mgawanyo wa mali mahakama ya wilaya. Nyumba mnayoishi ni rahisi kidogo, kifungu cha 59 kinamkataza kuiuza bila ridhaa yako.

Hapo ndo baraza linapoingia. Kwa kawaida talaka haifunguliwi mahakamani kabla hamjapita baraza la usuluhishi, lakini baraza sio mahakama, haliwezi kukulazimisha kurudi kwa mtu aliyekuvunja mkono. Nenda na dada yako, sema wazi hutaki kurudi, omba hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Na mkono kuvunjwa ni jinai, haimalizwi kwenye baraza! Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, kama PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hukuchukua waambie, beba na karatasi za hospitali ulikofungwa plasta (POP).

Watoto: wa miaka 4 sheria inaanzia kwenye dhana kwamba chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, wa miaka 8 anaweza kusikilizwa mwenyewe. Matunzo anza ustawi wa jamii hapo jijini, akigoma ni mahakamani.

Na laini yako ya simu dada, imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Kama ni chake anaweza kuirudisha kwake siku yoyote, na hela na ushahidi vyote vikaenda. Kesho asubuhi sajili mpya kwa alama zako za vidole, hamisha salio, ila ya zamani usiitupe, piga picha meseji zote kwanza uzitume kwenye simu ya dada yako. Ukishapata hati ya baraza njoo ofisi yoyote ya msaada wa kisheria, hatutozi hela, na vitu vyako vilivyobaki Mufindi usiende kuvichukua mwenyewe, omba dawati wakupe askari wa kukusindikiza.