Kabla ya kuziba dumu lako, ligeuze usome namba

Nilimaliza chupa tatu za gundi kwenye dumu moja la lita 20. Ninaziba asubuhi, jioni maji yanatiririka palepale. Mwishowe fundi mmoja wa mabeseni aliligeuza, akanionyesha kitakoni: pembetatu yenye namba 2. "Hili halishiki gundi, mdogo wangu. Linataka moto."

Sababu imo ndani ya plastiki yenyewe. Namba 2 ni polithini ngumu: minyororo mirefu sana ya kaboni na hidrojeni, iliyonyooka, inayolaliana kama kuni zilizopangwa vizuri. Gundi haipati pa kujishikiza. Namba 4 ni polithini pia, ila minyororo yake ina matawi mengi, na kuni zenye matawi hazipangiki. Ndiyo maana mifuko yake ni laini na huyeyuka mapema, kwenye nyuzi 110 hivi, wakati dumu husubiri hadi kama 130.

Basi pasha kisu moto, kata kipande kutoka dumu bovu la namba ileile, uyeyushe kingo za vyote viwili kwa pamoja. Namba ileile, tafadhali. Niliwahi kutumia kipande cha ndoo ya namba 5. Kilionekana kimeshika, kikabanduka chote siku nilipoinua dumu limejaa. Minyororo ya aina hizo mbili haichanganyiki vizuri hata ikiyeyuka.

Namba 3 usiipeleke motoni kabisa. Hiyo ni PVC ya mabomba, ina klorini, na moshi wake unadhuru mapafu. Yenyewe ina gundi yake, inayolainisha uso wa bomba mpaka minyororo ya pande mbili iingiliane.

Tairi na tyubu zina tabia nyingine. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huacha kunata. Salfa hufunga mnyororo kwa mnyororo, ukawa kama wavu; ukiuvuta unarudi, ukiuchoma hauyeyuki, unaungua tu. Kwa hiyo tyubu ipige msasa, ipake gundi yake, usubiri ikauke kidogo ndipo ubandike kiraka.

Na dumu lililokaa juani miaka, ukilisugua linatoa unga, liache. Jua limeshaikatakata minyororo yake. Utaziba hapa, litapasuka pembeni mwa kiraka.