Presha ya anayesafisha damu kwa tumbo: hesabu maji kabla ya kuongeza dawa

Dada mmoja ameniandikia: mama yake, ambaye figo zake zimeshindwa, anasafisha damu kwa njia ya tumbo (maji yenye glukosi huingizwa tumboni kwa mrija, huvuta uchafu na maji ya ziada kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa), mifuko 4 ya lita 2 kila siku, anameza dawa tatu za presha na bado haishuki. Anauliza aongezewe ya nne?

Dada yangu, hizo tatu asiziache, lakini hesabuni maji kwanza. Kwa wagonjwa hawa presha hupandishwa mara nyingi na maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Moyo ukisukuma ujazo huo miezi na miezi, ukuta wa chemba yake ya kushoto hunenepa na kukakamaa. Uzuri wa njia hii ni kwamba maji hutoka polepole, moyo hauyumbishwi kama kwenye mashine ya kusafisha damu. Ubaya ni kwamba yanapojikusanya nayo hujikusanya polepole, na familia haishtuki.

Mpime uzito kila asubuhi maji ya mfuko yakiwa yameshatolewa tumboni, nguo zilezile. Kilo 1 iliyoongezeka kwa siku mbili ni takriban lita 1 ya maji, hajanenepa. Pimeni na kila mfuko unaotoka. Mkiingiza mililita 2,000 zikatoka 1,700, tazameni kama mrija umejikunja, kisha ulizeni choo: utumbo uliojaa kinyesi husogeza mrija.

Mfuko wa usiku ndio huponza wengi. Glukosi ya asilimia 1.5 ikikaa tumboni kwa muda wa saa 9 au 10, sehemu kubwa huingia kwenye damu, mvuto wake wa maji unaisha, na maji hurudi mwilini. Msikimbilie mfuko mkali wa asilimia 4.25 kila siku, maana hupandisha sukari na mafuta ya damu na kuchakaza utando. Mwulizeni daktari kuhusu aikodekstrini, aina ya wanga inayotumika badala ya glukosi, kwa mfuko huo unaokaa muda mrefu. Ila kama ana kisukari, hakikisheni kipimo chenu cha sukari kinaendana nayo, kwani vingine husoma juu kuliko ukweli na mtu akajidunga insulini ya kumwangusha.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye dagaa, mkate na vidonge vya mchuzi. Diklofenaki na ibuprofeni wekeni mbali: hubakiza chumvi na kuua mkojo mdogo uliosalia, nao mkojo huo ni msaada mkubwa kwa moyo.

Ndizi msimkataze kwa mazoea, eti kwa sababu zina potasiamu. Maji ya mfuko kwa kawaida hayana potasiamu, na ikishuka mno mapigo ya moyo huvurugika. Pimeni damu kwanza.

Akipata kizunguzungu akisimama, huenda amekaushwa kupita kiasi. Mpigieni muuguzi wake kabla ya mfuko mwingine mkali. Akishindwa kupumua akilala chali, mpelekeni hospitali usiku huohuo.