Ukinunua tanuri la shanga, uliza linapoaje

*Shikamoo fundi. Natengeneza shanga kwa chupa za bia na za soda. Nayeyusha kioo kwa moto wa gesi, nakizungushia kwenye spoku ya baiskeli, halafu nauzika ushanga kwenye majivu ya moto hadi asubuhi. Zinatoka nzuri, lakini wiki mbili tatu baadaye wateja wananirudishia zimepasuka, nyingine zikiwa shingoni. Naambiwa ninunue tanuri. Kuna mtu anauza tanuri kubwa la vyungu lililotumika, na kuna dogo la umeme la kuagiza nje. Lipi litanifaa?*
*Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mkono wako hauna kosa, na hilo ulishike kabla hujatoa hata shilingi. Shanga zako zinapasuka kwa sababu zinashuka haraka mno pale kati ya nyuzi 550 na 430 za Selsiasi. Ngozi ya nje hutangulia kuganda, kiini kikiwa bado laini. Kiini nacho kikiganda hutaka kusinyaa, na ngozi imeshakataa kusogea. Mvutano huo unabaki ndani, huuoni, mpaka siku ushanga ukiota jua kisha ukamwagiwa maji, au ukagongwa kidogo tu mezani. Majivu yanapunguza kasi, lakini hayawezi kuushika ushanga kwenye joto moja kwa saa nzima, na kioo cha chupa kinataka kushikwa hivyo, karibu na nyuzi 545.

Kwa hiyo anayekuuzia tanuri akianza kujisifia kwamba linafika nyuzi 1,200, msikilize kwa adabu kisha umuulize swali lako: je, naweza kuliamuru likae 545 kwa saa moja, halafu lishuke nyuzi 60 kila saa bila mimi kukesha? Kama jibu ni hapana, rudi nyumbani na hela zako. Wewe unayeyusha kwa gesi. Tanuri kwako ni la kupozea. Kifaa cha kulipia ni kontrola, yaani kidhibiti joto, inayopangwa hatua kwa hatua, pamoja na kipimajoto cha waya, themokapo ya aina ya K, iliyoingia ndani ya chumba na si kugusa ukuta kwa nje.

Lile la vyungu nisingelinunua, ingawa najua bei yake inavutia. Kwa kawaida hufunguka kwa juu, na kulifunua likiwa na nyuzi 545 kila unapomaliza ushanga ni kujiunguza uso na kumwaga joto. Halafu utapasha chumba kizima kwa ajili ya shanga zinazoenea kwenye kisahani. Lingekufaa iwapo ungekusanya shanga za mwezi mzima, zikiwa zimeshapoa, ukazipandisha pole pole zote kwa mkupuo. Lakini wewe unauza kila wiki.

Chukua dogo, lenye mlango wa mbele na kijilango chembamba ndani yake cha kupitishia vyuma vyenye shanga. Kisha tazama kuta. Yapo ya sufi ya kauri, mepesi, yanayopata moto upesi. Na yapo ya matofali mepesi ya kuhimili moto. Nasimama upande wa matofali bila kusita. Sufi inapoa upesi kama inavyopata moto, na umeme wetu unaujua. Tena sufi ikichakaa hutoa vumbi linalochoma mapafu. Tofali hutunza joto, na siku taa zikizima ndipo utakapoliona lilivyo na thamani.

Upande wa umeme hakuna cha kukutisha. Tanuri la wati 1,500 likiwaka mfululizo kwa saa moja linakula uniti moja na nusu, na likishafika joto lake huwaka na kuzima lenyewe, kwa hiyo LUKU haitaisha kwa kasi unayoiogopa. Soketi ya kawaida ya ampea 13 inalibeba, mradi ulichomeke moja kwa moja ukutani. Usitumie waya wa kuunganishia, hasa ule uliozungushwa kwenye kigurudumu, maana hupata moto. Mwite fundi umeme akague kama nyumba ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Nalisisitiza hili kwa sababu utakuwa unaingiza vyuma ndani ya sanduku lenye koili za umeme. Zima kwanza, ingiza chuma, funga, washa. Kila ushanga, kila mara.

Na hizo spoku, nakuomba uache. Nyingi zimepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Nenda kwa wauza vifaa vya kuchomelea, uulize vijiti vya stenlesi vya milimita 2.4. Kata, nyoosha, chovya kwenye uji mzito wa udongo mweupe wa kaolini ili ushanga using'ang'anie chuma, kausha. Kaolini iko hapa hapa nchini, kwenye vilima vya Pugu.

Jambo la mwisho kwako: ushanga mmoja, chupa moja. Kioo cha bia na cha soda huenda visitanuke sawasawa, na ikiwa hivyo ukavichanganya, hakuna tanuri duniani litakalovipatanisha. Ukitaka rangi mbili, anza kwa kuyeyushia pamoja vipande viwili vidogo, uvipoze vizuri, uvikague jinsi ninavyoeleza hapa chini, ndipo utengeneze vya kuuza.

*Salamu fundi. Mimi nina tanuri dogo la matofali. Stima hupotea katikati ya kazi, na sijui kama shanga za siku hiyo nitupe au niuze. Pia nyingine hutoka na alama bapa upande mmoja, ilhali kontrola inasoma 545.*
*Msomaji, Mombasa*

Salamu nawe, ndugu yangu. Stima ikipotea, usifungue mlango. Hata kuchungulia usichungulie. Tofali litashuka lenyewe taratibu, na mara nyingi shanga ndogo huvuka salama. Zikishapoa kabisa, zikague. Washa kompyuta yenye skrini ya LCD, ifungue ukurasa mweupe mtupu. Tazama skrini hiyo kupitia kioo cha miwani ya jua ya polaraizi, ile inayokata mng'ao, uizungushe miwani mpaka weupe ugeuke kiza. Sasa shikilia ushanga unaopitisha mwanga katikati ya miwani na skrini. Ukibaki na kiza, uko salama. Ukiona mwanga unang'aa ndani yake, hasa kuzunguka tundu, una mvutano, usiuuze.

Wala usiutupe. Mvutano unafutika ukirudia: anza na tanuri la baridi, panda nyuzi 150 kwa saa hadi 545, shikilia saa moja, shuka 60 kwa saa hadi 400, kisha zima na uache mlango umefungwa hadi ndani pawe baridi ya mkono. Ushanga mnene kuliko sentimita mbili upe muda mara mbili.

Alama bapa ni dalili kwamba ndani kuna moto kuliko kontrola inavyosema, au shanga ziko karibu mno na koili. Jipimie mwenyewe. Kata ukanda mwembamba wa chupa ile ile, uulaze juu ya vipande viwili vya tofali ili katikati yake uelee, kisha pandisha joto nyuzi kumi kumi ukisubiri kidogo kila hatua. Nambari itakayosomeka ukanda unapoanza kulegea, iandike. Teremka nyuzi 30 hivi chini yake, na hapo ndipo pa kupozea kwa tanuri lako. Naiamini nambari hiyo kuliko jedwali lolote, langu likiwemo.

*Fundi, kwetu umeme si wa kutegemea kabisa. Je, kuni au mkaa vinafaa?*
*Msomaji, Kigoma*

Vinafaa, ila badili aina ya ushanga. Wakrobo wa Odumase, nchini Ghana, wanafanya kazi hii kwa tanuri la udongo wa kichuguu, na shanga zao zinauzwa dunia nzima. Hawazungushi kioo kwenye chuma. Wanatwanga chupa hadi iwe unga, wanaujaza kwenye vibumba vya udongo, yaani kalibu zenye vishimo, vilivyopakwa kaolini, na katikati ya kila kishimo wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Kikonyo kinaungua, tundu linabaki. Moto wa kati ya nyuzi 650 na 850, kwa nusu saa hivi, unatosha kuushikamanisha unga.

Kichuguu unacho, muhogo unao. Jenga kuta nene. Shanga zikishashikamana, vuta makaa yote nje, acha vibumba humo humo, ziba mlango kwa tope na usiuguse hadi kesho yake, maana ukuta huo mnene ndio utakaokushushia joto badala ya kontrola. Unga utwange ukiwa na majimaji na umevaa barakoa ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Watoto wasikae karibu na kinu hicho, na kisirudi tena kutwangia chakula.